Familia ya Walton na Historia ya Mchezo wa Nyumbani katika Televisheni ya Marekani

Wanaoandika historia ya televisheni ya Marekani hupenda kuanza na mambo yaliyowashtua watu: mazishi ya Rais Kennedy mwaka 1963, vita vya Vietnam vilivyoingia kila jioni majumbani wakati wa chakula, na mguu wa mwanadamu uliokanyaga mwezi mwaka 1969. Mambo hayo yana haki yake. Walakini katika miaka iyo hiyo mashirika ya utangazaji yalikuwa yakionyesha pia michezo ya namna nyingine, isiyo na bastola wala kukimbizana kwa magari, ambamo jambo kubwa la jioni nzima laweza kuwa ni ndama anayetakiwa kuuzwa, barua iliyochelewa, au baba ambaye hajarudi nyumbani. Wahakiki wengi waliipa michezo hiyo sifa ya haraka au dharau ya haraka, kisha wakageukia mengine. Watazamaji hawakugeuka, walikaa. Sababu ya kukaa kwao yastahili kuchunguzwa, kwa kuwa jibu litolewalo mara nyingi, yaani kwamba watu walitaka kusahau dhiki zao, halilingani na yale yaliyokuwamo katika michezo yenyewe.

Chanzo cha aina hii kilikuwa mapema sana. Mwaka 1949, televisheni ilipokuwa ingali kitu kigeni katika nyumba nyingi, shirika la CBS lilianza kuonyesha mchezo ulioitwa Mama. Ulihusu familia ya wahamiaji kutoka Norway waliokaa San Francisco mwanzoni mwa karne ya ishirini. Hadithi ilitokana na kitabu cha Kathryn Forbes cha mwaka 1943, ambacho John van Druten alikigeuza kuwa mchezo wa jukwaani mwaka 1944, na mwaka 1948 kikafanywa sinema. Katika televisheni mama wa nyumba hiyo aliigizwa na Peggy Wood. Karibu miaka yote ya mchezo huo waigizaji walicheza saa ile ile watazamaji walipokuwa wakitazama. Aliyesahau neno hakuwa na nafasi ya kurudia. Mdhamini alikuwa mwuza kahawa, na ilikuwa desturi mchezo umalizikie jikoni, jamaa wote wakiizunguka meza, birika la kahawa katikati yao. Hapo palikuwa pagumu kutambua mahali mchezo unapokoma na tangazo la biashara linapoanza. Yafaa jambo hilo litajwe tangu mwanzo, kwa maana michezo hii ya upole haikuwahi hata siku moja kuwa mbali na duka.

CBS ilipousimamisha mchezo wa Mama mwaka 1956 watazamaji walilalamika kiasi cha kurudishwa kwake kwa muda mfupi, mpaka mwaka 1957. Katika ile sinema ya mwaka 1948 alikuwamo mwigizaji mmoja mwembamba, Ellen Corby, aliyeigiza mmojawapo wa mashangazi wa familia na kupendekezwa kwa tuzo ya Oscar. Habari zake zitarudi.

Duka la pili lilikuwa la kadi. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1951 shirika la NBC lilionyesha Amahl and the Night Visitors, opera ya Gian Carlo Menotti, ambayo ndiyo ya kwanza kutungwa Marekani kwa ajili ya televisheni. Yahusu mtoto kiwete, mama yake fukara, na wafalme watatu wanaopiga hodi usiku. Aliyeigharimia ni kampuni ya Hallmark ya Kansas City, iliyoasisiwa na Joyce Hall, mwanamume licha ya jina lake, ambaye alianza biashara ya kuuza kadi za picha mwaka 1910. Kutokana na usiku ule ulitoka mfululizo wa michezo ulioendelea kwa zaidi ya nusu karne kwa jina la Hallmark Hall of Fame. Bwana Hall alitambua jambo ambalo wauza sabuni hawakulitambua: mtu aliyekwisha kulainika moyo kwa kisa cha mama na mwanawe hukumbuka jamaa aliowaacha bila salamu, na huyo ndiye mnunuzi wa kadi.

Sinema ndefu zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu zilikuja baadaye, ya kwanza ikiwa ile iliyoonyeshwa na NBC mwaka 1964. Nyingi zilikuwa za upelelezi na vitisho. Katika soko hilo la vitisho ndipo alipoingia Earl Hamner.

Hamner alizaliwa mwaka 1923 katika kijiji cha Schuyler, jimbo la Virginia, chini ya milima ya Blue Ridge, akiwa mzaliwa wa kwanza wa watoto 8. Kijiji hicho kiliishi kwa kuchimba mawe laini ya kuchonga, ya jinsi ile ijulikanayo sana na watu wa Kisii, na baba yake alifanya kazi katika machimbo hayo. Dhiki kuu ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 iliiua kazi hiyo. Baba akapata kibarua katika kiwanda cha Waynesboro, kiasi cha maili 30 kutoka nyumbani, akawa hulala huko wiki nzima na kurudi mwisho wa juma. Mkesha wa Krismasi wa mwaka 1933 alichelewa. Theluji ilikuwa imeanguka, usiku umeingia, na mama akamtuma mwanawe mkubwa aende akamtafute.

Hicho ndicho kisa chote. Mtunzi mwingine angekiona hakitoshi kujaza hata kurasa 10. Hamner alikwenda nacho vitani Ulaya, akaenda nacho kwenye radio katika mji wa Cincinnati na kisha New York, na hata Hollywood, ambako aliandika michezo 8 ya mfululizo wa ajabu na mazingaombwe ulioitwa The Twilight Zone. Mwaka 1961 alitoa riwaya juu ya watu wa kwao, Spencer's Mountain, iliyofanywa sinema mwaka 1963 na Henry Fonda akaigiza baba. Mwaka 1970 ndipo alipokiandika kisa cha mkesha ule katika kitabu kidogo, The Homecoming. Tarehe 19 Desemba 1971 CBS ilikionyesha kama mchezo mmoja mrefu wa televisheni.

Wakati wenyewe ulikuwa wa ajabu kwa jambo kama hilo. Mwaka ule ule wa 1971 CBS ilikuwa imekwisha kufukuza karibu michezo yake yote ya mashambani, ingawa mingine ilikuwa bado na watazamaji wengi. Sababu yake yaeleza mengi kuhusu biashara ya televisheni. Hapo kwanza watangazaji wa bidhaa waliuliza ni watu wangapi wanaotazama. Sasa walianza kuuliza ni watu gani. Mzee wa shamba hakununua vitu vipya. Kijana wa mjini alinunua. Kwa hesabu hiyo watu milioni kadhaa wa vijijini wakawa hawana thamani, na michezo waliyoipenda ikaondolewa, ikaletwa mingine ya mjini yenye mabishano na mzaha mkali. Miezi michache tu baada ya hapo shirika lile lile likaonyesha familia ya mlimani isiyo na fedha, ikimngoja baba. Watu waliipokea kwa namna ambayo haikutarajiwa, na mfululizo wa kila wiki ukaagizwa, kwa jina la The Waltons. Husimuliwa kwamba William Paley, mkuu wa CBS, aliutaka yeye mwenyewe, kana kwamba ni kafara ya yale yaliyotangulia.

Ulianza tarehe 14 Septemba 1972, Alhamisi usiku, na saa waliyopewa haikuwa ya heri. NBC ilikuwa nayo saa hiyo onyesho la Flip Wilson, mchekeshaji Mwafrika-Mmarekani aliyependwa mno, na ABC ilikuwa na mchezo wa vijana wapelelezi. Wengi walidhani ni mahali pa kwenda kufia. Katika msimu wa pili, 1973 hadi 1974, The Waltons ulikuwa wa pili kwa wingi wa watazamaji katika Marekani nzima, na kufikia mwaka 1974 washindani wote wawili walikuwa wamekwisha kutoka hewani.

Basi ni kitu gani kilichowavuta watu hao? Yafaa kutazama kwanza jinsi mchezo ulivyojengwa. Kila mara huanza na sauti ya mtu mzima, asiyeonekana, anayekumbuka mambo ya utotoni mwake. Na sauti hiyo ilikuwa ya Hamner mwenyewe, yenye lafudhi ya Virginia. Kwa maneno machache huweka mambo mawili wazi: kwamba yatakayoonekana yamekwisha kupita, na kwamba msimuliaji aliyapita akiwa salama. Mtazamaji hupewa jibu la swali la kwanza la kila hadithi kabla hadithi haijaanza. Hofu ya nani atapona ikiondolewa, hubaki nafasi ya kutazama watu wanavyotendana. Wasimulizi wa pwani na bara wa Afrika ya Mashariki waifahamu sana hila hiyo. Mtoto aliyeitikia mwanzo wa ngano hujua kwamba bibi aliye mbele yake ataifikisha mwisho, kwa hiyo anaweza kuvumilia zimwi.

Mwisho wake wastahili kutazamwa zaidi. Nyumba ya Walton huonekana usiku, kwa nje. Taa za madirishani huzimika moja baada ya moja, na katika giza zasikika sauti tu: mtoto anauliza swali dogo, baba anajibu, mmoja anamtania mwenzake, kisha wanaagana kwa majina na kutakiana usiku mwema. Watu wengi wameucheka mwisho huo, na kwa kweli ni rahisi kuucheka. Lakini waliocheka hawakutaja jambo lililo dhahiri, nalo ni kwamba katika dakika hiyo televisheni iliacha kuwa televisheni. Hapana sura ya mtu inayoonekana. Ni radio tupu, sanaa aliyojifunza Hamner alipokuwa kijana, na kazi yake ni ile ile ya radio: kumfanya msikilizaji aliye gizani ajihesabu miongoni mwa waliomo. Tena ilikuwa saa 3 za usiku, saa ambayo katika nyumba halisi mtu alikaribia kuwaambia watoto waende kulala. Katika Marekani ya miaka ya 1970, ambako watoto wengi walikuwa wamehamia mbali na wazazi, na babu na bibi aghalabu waliishi peke yao au katika nyumba za wazee, kusikia vizazi vitatu vikiagana chini ya paa moja kulikuwa ni kusikia kitu ambacho wengi walikuwa wamekipoteza hivi karibuni tu, wala hawajakizoea kukikosa.

Hadi hapo wale wasemao kwamba michezo hii ni ya kujisahaulisha waweza kuona wamethibitishwa. Lakini yafaa kuangalia yaliyokuwa kati ya ile sauti ya mwanzo na zile taa za mwisho. Mchezo wa kwanza kabisa wa mfululizo huo, The Foundling, ni wa mtoto wa kike aliyetelekezwa barazani. Hasemi wala haitikii. Familia yatambua polepole kwamba hana kasoro ya akili bali ni kiziwi, na jamaa wote wakubwa kwa wadogo wanajifunza lugha ya ishara ili wazungumze naye. Fedha hazimo katika mchezo huo, wala muujiza. Mtoto hapati kusikia. Kinachobadilika ni mikono ya wale waliomzunguka.

Mchezo mwingine, The Fire Storm wa mwaka 1976, ni mkali zaidi. Kijana mkubwa wa familia, John-Boy, ambaye sasa ana gazeti lake dogo, anaamua kuchapisha sehemu za kitabu cha Hitler ili majirani wajue ni hatari gani inayokuja. Majirani wanaudhika. Mchungaji kijana anayewaongoza anakusanya vitabu vya Kijerumani hadharani ili vichomwe. John-Boy anaokota kimoja kutoka katika chungu ile, anamwendea mama mmoja jirani ajuaye Kijerumani, naye anaombwa asome kwa sauti. Anasoma, na watu wanatambua taratibu kwamba waliyokuwa karibu kuichoma ni Biblia. Hakuna anayepigwa na hakuna anayehutubu kwa muda mrefu. Watu wanarudi makwao. Kuonyesha kundi la watu wema, wanaojulikana na mtazamaji kwa majina na ambao wiki iliyopita aliwapenda, wakiwa wameshika kiberiti, ni jambo ambalo michezo mingi ya makelele haikuthubutu kulifanya. Ubaya katika michezo ya upelelezi hutoka kwa mgeni. Hapa ulitoka kwa watu wa dukani na kanisani, na upole wa mchezo ndio ulioufanya uingie, kwa sababu mtazamaji alikuwa hakujikinga.

Haifuati kwamba mchezo ulisema kweli yote. Virginia ya miaka ya 1930 ilikuwa jimbo la ubaguzi wa rangi kwa mujibu wa sheria. Watoto weusi na weupe hawakusoma pamoja. Sheria ya mwaka 1924 iliharimisha ndoa kati ya weupe na wasio weupe, ikadumu mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipoibatilisha mwaka 1967. Baada ya hukumu ya mwaka 1954 iliyokataza kutenga shule, wilaya ya Prince Edward, ambayo haiko mbali sana na kwao Hamner, iliona ni heri kufunga shule zake zote za umma kuliko kuwachanganya watoto, ikazifunga kuanzia mwaka 1959 hadi 1964. Kati ya mwisho wa mkasa huo na mwanzo wa The Waltons ni miaka 8 tu.

Ni kiasi gani cha mambo hayo kinachoonekana mlimani? Kidogo. Katika The Homecoming kijana anaingia katika kanisa la watu weusi akitafuta msaada usiku wa mkesha, naye anapokelewa kwa adabu. Mwaka 1973 ulionyeshwa The Scholar, ambao mwandishi wake, John McGreevey, alipata tuzo ya Emmy. Verdie Grant, mwanamke mweusi aliyeigizwa na Lynn Hamilton, ana binti anayekaribia kuhitimu chuo, na yeye mama hajui kusoma. Anamwomba John-Boy amfundishe kwa siri. Aibu ya mtu mzima anayeshika kalamu kwa mara ya kwanza, hasira yake adhanipo kwamba siri imetoka, na namna anavyokataa kuhurumiwa, vyote vimeandikwa kwa uangalifu mkubwa, na wasomaji waliofundisha elimu ya watu wazima katika Tanzania ya miaka ya 1970 wangeutambua uso wa Verdie mara moja. Kasoro iko kwingine. Kutojua kusoma kwake kumewekwa kama msiba wake binafsi, wakati kwa hakika ulikuwa kazi ya serikali ya jimbo, iliyowapa watoto weusi shule hafifu kwa makusudi. Sheria haionekani mlimani. Ukimya wa mchezo, ambao mahali pengine ni nguvu, hapo umekuwa adabu ya mtu anayenyamaza mbele ya wageni. Hilo ndilo deni kubwa la michezo ya aina hii, na haikulilipa.

Pamoja na hayo, ni kosa kufikiri kwamba waliotengeneza upole huo walikuwa watu walioishi kwa upole. Will Geer, aliyeigiza babu, aliitwa mwaka 1951 mbele ya kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyokuwa ikiwasaka Wakomunisti, akakataa kujibu. Tangu hapo studio zikamfungia milango. Mtu huyo, aliyekuwa amesomea elimu ya mimea, aliishi bondeni Topanga karibu na Los Angeles, akalima bustani na kuanzisha hapo jukwaa la wazi ambalo waigizaji wenzake waliokataliwa waliweza kuchezea. Patricia Neal, aliyekuwa mama katika The Homecoming, alipata mapigo ya kiharusi mwaka 1965 akiwa mjamzito, akapoteza usemi na kutembea, ikambidi ajifunze upya yote mawili. Uso wake usiku ule wa theluji, akisikiliza hatua za mtu nje, haukuwa uso wa mwanamke aliyefundishwa wasiwasi na mwongozaji. Mfululizo wa kila wiki ulipoanza nafasi yake ilichukuliwa na Michael Learned, mwanamke naye licha ya jina, ambaye aliipata tuzo ya Emmy mara 3 kwa kazi hiyo.

Bibi wa nyumba alikuwa Ellen Corby, yule wa mwaka 1948. Aliigiza bibi mkali, mcha Mungu, mwenye ulimi uliowatisha wote akiwamo mumewe, na ucheshi wa mchezo ulitegemea sana majibizano yao wawili. Novemba 1976 Corby naye alipatwa na kiharusi, kikampunguzia usemi. Desturi ya biashara ya michezo ilikuwa wazi: mhusika hufa, au huhamia kwa ndugu zake, na mwingine huchukua nafasi. Waandishi walimweka bibi hospitalini, wakamngoja. Tarehe 30 Machi 1978 ulionyeshwa mchezo wa kurudi kwake nyumbani. Hakuponywa kwa ajili ya kamera. Maneno yalimtoka moja moja, kwa taabu, mengine hayakutoka. Kisa chenyewe ni hiki: jamaa wote wanamwonea huruma, wanamkalisha, wanamnyang'anya kila kazi anayoishika, na yeye anazidi kukasirika asiweze kueleza kwa nini, mpaka wanapofahamu kwamba anachotaka ni kuhitajiwa. Mbele yake amekaa Geer, ambaye kwa miaka alikuwa akijibizana naye, na safari hii anangoja. Anangoja neno lije. Katika televisheni, ambako kila nukta ya ukimya ina bei yake, waliruhusu mamilioni ya watu wamngoje mwanamke mzee amalize sentensi. Ukitafutwa mfano mmoja wa mvuto wa michezo hii, huu watosha.

Wiki chache baadaye, tarehe 22 Aprili 1978, Geer akafariki. Msimu mpya ulipofunguliwa mwaka huo, babu naye alikuwa amekufa, na familia ikapanda mlimani kwenye kaburi lake. Corby akaendelea kuonekana, akisema kidogo. Mfululizo wenyewe ulikoma mwaka 1981, baada ya miaka 9 na michezo zaidi ya 200, ingawa miaka ya mwisho, Richard Thomas aliyekuwa John-Boy akiwa amekwisha kuondoka, si ya kukawilia.

Habari za baadaye ni za siasa zaidi ya sanaa. Tayari mwaka 1975 mashirika ya utangazaji, yakisukumwa na serikali, yalikuwa yamekubaliana kutenga saa za mwanzo za jioni kwa michezo ifaayo familia nzima; waandishi wa Hollywood wakashitaki, na Novemba 1976 jaji wa Los Angeles akaamua kwamba shinikizo hilo lilivunja uhuru wa kusema uliomo katika katiba. The Waltons haukuhitaji kulindwa na kanuni hiyo, lakini tangu wakati huo upole ukawa bendera ya upande mmoja. Januari 1992 Rais George Bush alisema angependa familia za Marekani zifanane zaidi na akina Walton na kidogo na wale wa The Simpsons, familia ya katuni yenye vurugu. Katuni ikamjibu siku chache baadaye kwamba wao nao ni kama akina Walton, kwani wanaomba dhiki ya uchumi iishe. Jibu hilo lilikuwa na historia sahihi kuliko hotuba. Mlima wa Walton ulikuwa mahali pa watu wasio na kazi. Baba wa nyumba haendi kanisani, jambo lililomhuzunisha mkewe miaka yote; mabibi wawili waheshimiwa wa jirani hupika gongo ambayo, kwa kumstahi marehemu baba yao, hawakuiita pombe kamwe; na babu aliigizwa na mtu aliyefukuzwa kazi kwa kushukiwa kuwa adui wa taifa. Ralph Waite, aliyeigiza baba, aligombea Bunge mwaka 1990 kwa chama kilichompinga Bush, akashindwa.

Hallmark nayo iliendelea. Februari 1991 ilionyesha Sarah, Plain and Tall, kutokana na kitabu cha Patricia MacLachlan cha mwaka 1985: mkulima mjane wa Kansas anatoa tangazo la kutafuta mke, na mwanamke anakuja kutoka pwani ya mbali, akaigizwa na Glenn Close. Hapo ungalimo ule uzito wa zamani, kwa sababu binti mkubwa wa nyumba hajamaliza kumlilia mama yake na hakuna anayemharakisha. Mwaka 2001 kampuni ilipata idhaa iliyobeba jina lake yenyewe, na tangu hapo sinema za Krismasi zimetoka humo kwa wingi kila mwaka, zikifanana kama mikate ya tanuri moja. Theluji imo, taa zimo, na mwisho mwema umo. Aliyepotea ndiye asiyekuwamo. Ukilinganisha na The Homecoming, ambamo baba anaingia usiku wa manane na zawadi aliyomnunulia mwanawe ni madaftari ya kuandikia, fedha ambazo familia haikuwa nazo, tofauti haihitaji maelezo marefu.

Hamner alifariki mwaka 2016, akiwa na umri wa miaka 92. Katika kijiji cha Schuyler, shule aliyosomea ilifanywa jumba la makumbusho mwaka 1992, na ndani yake vimepangwa vyumba kama vile vya kwenye mchezo: jiko, sebule, na chumba cha John-Boy chenye meza ya kuandikia. Wageni wamekuwa wakifika kutoka mbali, wengine wakiuliza Mlima wa Walton uko wapi, ambao haukuwahi kuwapo ila katika televisheni. Nyumba waliyoizoea ilikuwa ukuta wa mbele tu, uliosimamishwa katika uwanja wa studio mjini Burbank, California. Jengo la shule ni halisi. Hamner aliposomea humo, mtoto wa Verdie asingeruhusiwa kuingia.